Bi Mazishi Ukweni

Swali la kwanza aliloulizwa ukweni halikuhusu jina la baba yake wala shule aliyosoma. Mama wa mchumba wake alimngoja akae vizuri kwenye kochi, akamsogezea kikombe cha chai na kumwekea sukari vijiko viwili bila kumuuliza, kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, akataka kujua kwa nini alimuua Mzee Taratibu.

Mwandishi alikuwa na chai mdomoni. Ilimbidi aimeze ikiwa ya moto vilevile.

Si kwamba swali lilikuwa geni masikioni mwake. Kwa miaka kumi na moja alikuwa ameandika tamthilia nne za televisheni, na tangu ile ya kwanza hakukuwa na foleni aliyosimama kwa amani. Katika *Nyumba Namba Tisa* alimwangusha bibi harusi kwenye ngazi siku tatu kabla ya harusi, na barua za watazamaji zikajaza droo mbili za meza yake. Katika *Mgeni wa Jumatatu* alimzamisha pacha mmoja akamwacha mwingine, na watu wakamwandama kwamba aliyemwacha ndiye aliyestahili kuzama. Kisha ikaja *Karakana*, na ndani yake Mzee Taratibu, fundi baiskeli aliyesema maneno machache na kuyasema polepole, ambaye nchi nzima ilimfanya babu yake. Alipomuua huyo, ndipo watu walipompa jina la Bi Mazishi. Jina lilimganda. Daktari wa meno alimwita hivyo huku ameshika koleo. Mwanamke wa duka la dawa alimshikilia kikopo cha vidonge vya kichwa mpaka ajieleze, wakati ni maswali kama hayohayo yaliyokuwa yamemuumiza kichwa. Kwenye msiba wa mjomba wake mwenyewe, mtu asiyemjua alimnong'oneza kama na huu ameuandika yeye. Na sasa alikuwa kwenye tamthilia ya nne, *Dada Mkubwa*, ambamo hakuna aliyekufa bado, na watu walikuwa wakimsimamisha barabarani kumwomba awatajie mapema ni nani, ili wajiandae.

Alishachoka. Alichoka kiasi kwamba alijifunza kuvaa miwani ya jua hata siku za mvua.

Ndiyo maana alimpenda fundi wa lifti. Miezi kumi na minne iliyopita alinasa ndani ya lifti ya jengo la kituo cha televisheni, katikati ya ghorofa ya tano na ya sita, pamoja na watu sita waliomtambua wote. Kwa dakika arobaini walimsulubu. Mlango ulipobanduliwa hatimaye, uso uliomchungulia kutoka juu ulikuwa wa mwanamume mwenye ovaroli ya bluu na grisi kwenye nyusi, na mwanamume huyo hakumuuliza lolote ila kama ameumia. Alimpa mkono, akamvuta, akamshika kiwiko mpaka walipofika kwenye ngazi. Baadaye, walipokuwa wanakunywa maji kwenye ngazi, mwandishi alimuuliza kama anaangalia televisheni. Fundi akamjibu kwamba muda wake mwingi huwa ndani ya mashimo ya lifti. Jibu hilo lilimtosha. Aliwaambia rafiki zake kwamba amempata mtu mmoja duniani asiyemjua Mzee Taratibu, na akayajenga mapenzi yake juu ya hapo.

Leo mtu huyo alikuwa amekaa kando yake kwenye kochi la mama yake, ghorofa ya tatu, saa tisa za mchana siku ya Jumamosi, na alikuwa anakitazama kikombe chake kama mtu anayetafuta kitu kilichodumbukia.

Mama yake alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu, na ukarani haukuwa umemtoka. Alikaa wima. Aliuliza kwa mpangilio, na jibu lisipomridhisha alilirudia swali kwa maneno yaleyale. Mapajani alikuwa na daftari la shule lenye jalada la kijani, na mwandishi alipolichungulia aliona ndani yake orodha ya kila aliyemuua tangu *Nyumba Namba Tisa*, pamoja na namba ya sehemu na tarehe iliyorushwa hewani. Kando ya mama huyo alikaa shangazi yake fundi, dada wa marehemu baba yake, mnene wa kicheko, ambaye alikuwa anazipenda tamthilia hizo kwa moyo wake wote na kwa sababu hiyo alikuwa anazidi kuharibu mambo. Kila wifi yake alipomtaja maiti, yeye alieleza mavazi aliyozikwa nayo.

Mwandishi alijitahidi. Alisema kwamba hadithi huwa na mkondo wake. Mama akamuuliza mkondo huo unaandikwa na nani. Alisema kuna watayarishaji, kuna wakuu wa kituo, maamuzi si ya mtu mmoja. Mama akamuuliza jina linalopita mwishoni mwa kipindi ni la nani. Akageuka kumtazama fundi apate msaada, na fundi akainuka kwenda kufungua dirisha ambalo lilikuwa wazi tayari.

Kisha mama akalifunga daftari, akaliweka mezani.

"Sehemu ya sitini na moja," alisema. "Jumanne. Mzee Taratibu ameingia hospitali kufanyiwa upasuaji mdogo. Ameingia anatania wauguzi. Hakuamka."

"Ndiyo, Mama."

"Mume wangu alikuwa na upasuaji Alhamisi ya wiki hiyo."

Mwandishi aliacha kikombe kikae. Ukutani juu ya televisheni palikuwa na picha ya mwanamume mwembamba mwenye macho ya mzaha, na alipoitazama safari hii aliona kwamba ni macho yaleyale anayoyajua.

"Kitanda chake tulikileta hapa sebuleni, hapo ulipokaa wewe, ili aone televisheni. Miezi saba. Hakuwa anataka dawa, hakuwa anataka uji, ila ikifika saa ya *Karakana* anataka mto wa pili mgongoni. Jumatano asubuhi akaniambia haendi hospitali. Akasema, Taratibu alikuwa mzima kuliko mimi na hakuamka, sasa mimi nakwenda kutafuta nini. Nilimsihi. Nilimletea daktari wake hapa nyumbani. Hakwenda. Baada ya wiki tano tukamzika." Mama alinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kunyanzi. "Nimesubiri miaka mitatu kukuuliza. Sikujua Mungu atakuleta mpaka kwenye kochi langu, tena kwa mkono wa mwanangu."

Mwandishi hakumtazama mama. Aligeuka polepole kwa yule aliyekuwa dirishani.

"Ulijua?"

Fundi alisema alijua.

Mambo yangekomea hapo huenda yasingeharibika zaidi. Lakini shangazi, kwa nia njema kabisa, akiona mgeni amebadilika rangi, alitaka kumtetea kijana wao. Akasema asimlaumu, maana hakuna aliyeumia na kifo cha Taratibu kama huyu. Ndiye aliyekuwa anakaa na baba yake kila Jumanne. Mzee akipitiwa na usingizi, ndiye aliyemsimulia yaliyopita. Hakuwahi kukosa hata sehemu moja, na si ya *Karakana* tu. Ile ya bibi harusi aliirudia mara mbili, na ya mapacha alikuwa anaijua maneno kwa maneno.

Mwandishi alisimama. Aliomba radhi kwa adabu zote, akasema anahitaji hewa kidogo, akatoka na kuurudisha mlango nyuma yake bila kuubamiza. Ule utaratibu wa kuurudisha ndio uliomtisha fundi, akamfuata mbio.

Alimkuta kwenye ngazi, ameshika reli kwa mikono miwili. Alikuwa hajalia. Alikuwa na sura ya mtu aliyehesabu hadi kumi na kuona haitoshi.

"Miezi kumi na minne," alisema. "Nimekaa mezani kwako nikikueleza kisa cha *Karakana* tangu mwanzo, kwa sababu nilidhani hukijui. Ulikuwa unatikisa kichwa. Uliniuliza, halafu ikawaje? Uliniuliza hivyo."

"Nilipenda kuisikia kwako."

"Usinijibu vizuri. Sitaki kujibiwa vizuri."

Fundi alikaa kwenye ngazi ya juu. Alikuwa mtu wa maneno ya kupima, na kwa kawaida mwandishi alilipenda hilo, ila sasa lilimkera hadi kwenye kucha.

"Siku ile umetoka kwenye lifti," alisema fundi, "watu sita walikuwa wamekula roho yako. Ukaniuliza kama naangalia televisheni. Ningekuambia mimi ni wa saba, ungepanda kwa ngazi maisha yako yote na nisingekuona tena."

"Basi ungeniambia kesho yake. Au mwezi wa pili. Au ule usiku nilipokuambia kwamba nakupenda kwa sababu hunijui kwa kazi yangu."

"Baada ya hapo ndiyo ikawa haiwezekani kabisa."

Mwandishi alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Mwanamke wa ghorofa ya juu alipita na kapu la nguo, akamtazama mara mbili, akafungua mdomo, na mwandishi akamwambia kabla hajasema kitu kwamba hapana, hajui bado ni nani atakayekufa kwenye *Dada Mkubwa*. Mwanamke akaufunga mdomo na kuteremka haraka.

Walisubiri nyayo zipotee. Kisha mwandishi akamuuliza kuhusu baba yake. Alitaka kuambiwa kweli tupu: mzee alikataa upasuaji kwa ajili ya kitu alichokiandika yeye? Chini ya hasira yote hilo ndilo alilokuwa analiogopa tangu alipoinuka kwenye kochi.

Fundi alijipangusa uso.

"Hapana," alisema. "Aliamua Jumapili. Siku mbili kabla ya kile kipindi. Daktari alituita mimi na yeye, akasema wakimpasua anaweza kupata mwaka, na anaweza asitoke chumbani. Mzee akasema hataki. Ila akasema, mama yako atanibembeleza, na sina nguvu ya kubembelezwa, nikimtazama anavyolia nitakubali. Akaniapisha nisimwambie. Jumanne tukaangalia *Karakana*. Taratibu alipofunikwa shuka, mzee akageuka akanitazama, nikajua amepata cha kumwambia mama."

Mwandishi alikaa. Walikaa hivyo, ngazi mbili kati yao, yeye chini na fundi juu, na kwa muda alihisi mzigo unamtoka kifuani. Kisha nafasi ya mzigo ikajaa kitu kingine.

"Kwa hiyo mama yako amenichukia miaka mitatu kwa jambo lililoamuliwa na baba yako."

"Ndiyo."

"Na ukanileta ninywe chai."

"Nilidhani akikuona kwa macho ataona wewe ni mtu tu. Kama watu wengine."

"Ameshaona. Ameniandikia daftari." Aliinuka, akakung'uta sketi yake. "Sikuombi uvunje kiapo cha baba yako. Hilo ni lako na yeye. Lakini mimi sirudi mle ndani kukaa kizimbani kwa kesi ambayo shahidi pekee anasimama dirishani na kujifanya anafungua kioo. Ukinipenda hivyo, kwa kunyamaza, basi nipende ukiwa mbali."

Fundi alimtazama. Alikuwa na macho ya yule mzee wa ukutani, ila mzaha haukuwamo. Hakumwomba abaki. Alipanda ngazi, akafungua mlango wa nyumbani kwao, akaingia.

Mwandishi aliteremka hadi ghorofa ya pili kwa hatua za mtu aliyefanya uamuzi, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba mkoba wake, wenye simu na funguo na kila kitu, umebaki juu ya kochi. Alisimama akiukodolea macho ukuta. Hakuwa amewahi kuandika jambo la kijinga kiasi hicho, mtayarishaji angemrudishia. Akapanda tena.

Mlango ulikuwa wazi. Fundi alikuwa amechuchumaa mbele ya mama yake, mikono yake mikubwa juu ya magoti ya mama, na alikuwa anamaliza kusema. Alisema habari ya Jumapili, habari ya daktari, habari ya kiapo. Aliyasema vibaya, akirudia rudia, bila kupendezesha chochote. Shangazi alikuwa ameshika leso mdomoni na machozi yanamtiririka bila sauti, maana aliyekuwa anasimuliwa ni kaka yake.

Mama hakulia. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho kama alivyowasikiliza watu mahakamani miaka yote ile, kisha akamwekea kiganja shavuni.

"Nilijua," alisema.

Fundi aliinua kichwa.

"Baba yako hakuwa anaweza kusema sentensi ndefu bila kukohoa. Siku ile ya Jumatano alisema yote mpaka mwisho hakukohoa. Habari ya Taratibu, habari ya kutoamka, yote kwa pumzi moja. Nikajua ameifanyia mazoezi. Nimeandika maelezo ya watu miaka thelathini na moja, mwanangu. Mtu aliyejipanga namjua."

"Sasa kwa nini, Mama?"

"Kwa nini nini? Nimkasirikie nani? Yeye? Alikuwa amebakiza wiki tano, nipoteze hata siku moja nimenuna? Nikukasirikie wewe, uliyekuwa unamgeuza kitandani?" Aliinua kidevu kuelekea mlangoni, alipokuwa amesimama mgeni. "Huyu alikuwa mbali. Jina dogo linalopita mwisho wa kipindi. Nikamchukua huyo. Nilipokuwa namkasirikia yeye niliweza kulala."

Mwandishi alikuwa amekusudia kuchukua mkoba na kuondoka. Alijikuta hajui aweke wapi mikono. Miaka yote alikuwa amewaza kwamba watu wanamsumbua kwa sababu hawaelewi kwamba ni hadithi. Mwanamke huyu alielewa vizuri kuliko wakuu wa kituo, na bado akamtumia kama mtu anavyotumia ukuta kujiegemeza. Hilo lilimtia huruma, na huruma haikuondoa kero hata kidogo. Vyote viwili vilimkaa rohoni kwa pamoja, kama wageni wawili wasiosalimiana.

"Lakini bado hujanijibu," mama alimwambia. "Nilikuuliza swali. Kwa nini ulimuua?"

Mwandishi alifikiria majibu yote mazuri aliyowahi kuyatoa redioni, na yote yakamchosha.

"Mwigizaji aligombana na mtayarishaji, Mama. Akasema hatarudi. Nilipewa siku mbili za kumwondoa."

"Siku mbili."

"Ndiyo. Nilitaka asafiri kwenda kwa binti yake, wakasema watazamaji watakuwa wanangoja arudi. Basi nikampeleka hospitali. Nilipoandika nililia, sikudanganyi. Kisha nikala, nikalala, kwa sababu asubuhi nilikuwa nadaiwa sehemu ya sitini na mbili."

Shangazi aliitoa leso mdomoni kwa mshangao. Mama alimtazama mwandishi kwa muda mrefu, toka viatu hadi nywele. Mwandishi hakuinamisha uso. Alikuwa amechoka mno kuinamisha uso.

"Mimi kesho yake baada ya mazishi nilifua," mama alisema hatimaye. "Mashuka yote. Watu walinisema. Sikujua kitu kingine cha kufanya."

Kisha akamwonyesha mwandishi kochi kwa kidole, akamwambia chai imepoa na atamwekea nyingine, na safari hii akamuuliza sukari ngapi. Mwandishi alisema hatumii sukari. Mama akasema hilo nalo angelisema mapema.

Walikaa saa nzima zaidi. Mama alitaka kujua baba wa mwandishi anafanya kazi gani, akaambiwa ni mpaka rangi wa majengo na bado anapanda ngazi japo daktari amemkataza. Alitaka kujua kama mama yake yupo hai, akaambiwa yupo, na kwamba hana imani na mafundi wa lifti kwa vile yeye mwenyewe hajawahi kupanda lifti na hatarajii kupanda. Jambo hilo lilimfurahisha mama kuliko yote yaliyosemwa mchana huo, ingawa alijitahidi lisionekane. Walipokuwa wanaaga aliwaambia wazi kwamba hajakubali chochote. Atakwenda mwenyewe Jumapili ijayo kuonana na huyo mwanamke asiyepanda lifti, mama kwa mama, ndipo atakapojua la kusema. Shangazi alimsindikiza mwandishi mpaka mlangoni, akamkumbatia, akamnong'oneza sikioni kwamba yeye ni mtu wa siri, hata chini ya kiapo hasemi, je, ni yule mdogo wa *Dada Mkubwa* au ni mume wake?

Mwandishi alifumba macho. "Shangazi," alisema, "nikijua nitakupigia."

Chini, fundi alimfungulia mlango wa mbele wa gari lake, lile la kazi lenye kamba na vyuma nyuma. Mwandishi alimpita, akafungua mlango wa nyuma, akasukuma kando boksi la vifaa na kukaa hapo kama abiria aliyekodi. Akamwambia aendeshe na asiseme neno.

Aliendesha. Walipita mbele ya shule, wakapita soko la nguo, wakasimama kwenye taa. Jua la alasiri liliingia kioo cha upande, na mwandishi akaiona shingo ya fundi kutoka nyuma, nywele zilizoanza kuota mvi mbili tatu karibu na sikio, na akakasirika upya kwamba hata sasa, katika hali hii, alitamani kuigusa.

"Unaweza kusema kitu kimoja," alimwambia.

Fundi alifikiria mpaka taa ikabadilika na magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.

"Watu wanakuuliza waliokufa," alisema akiondoa gari. "Mimi na mzee tulikuwa tunawaangalia waliobaki pale. Kwenye *Nyumba Namba Tisa* kuna yule mdogo wa bibi harusi, anakaa hospitali usiku kucha anamshikia kiatu. Hasemi kitu. Kwenye ya mapacha kuna jirani anayemletea maji yule aliyebaki, kila siku, mpaka mwisho. Kwenye *Karakana* ni yule mwanafunzi wa Taratibu. Tamthilia zako zote kuna mtu anayekaa na mwenzake asiseme kitu. Mzee ndiye aliyeona kwanza. Aliniambia, unakaa vizuri sasa, unakaa kama wa Bi Mazishi. Mimi kabla ya hapo sikuwa najua kukaa na mgonjwa. Nilikuwa nazunguka zunguka, natafuta kitu cha kurekebisha."

Mwandishi alikuwa ameuelekeza uso dirishani. Yule mdogo mwenye kiatu alikuwa na mistari minne tu ya maneno katika tamthilia nzima, na mara tatu wakuu wa kituo walitaka aondolewe. Yule wa maji hakuwa hata na jina kwenye muswada. Aliwaandika hao kabla ya kuandika mtu mwingine yeyote, kila mara, na kwa miaka kumi na moja hakuna barua, hakuna simu ya redioni, hakuna mtu wa foleni aliyewahi kuwataja.

"Miaka kumi na moja," alisema, na sauti yake ilikuwa imelowa japo alitaka iwe kavu. "Nimengoja miaka kumi na moja mtu mmoja aone hilo. Na aliyeona ni mwongo."

"Ndiyo," alisema fundi.

"Nimekukasirikia. Kesho pia nitakuwa nimekukasirikia. Jumapili mama yako akija kwetu nitakuwa nimekukasirikia mbele yao wote."

"Nitakuwepo."

Walikuwa wamefika mtaani kwake. Fundi alisimamisha gari mbele ya lango, akazima injini, akakaa bila kugeuka, mikono juu ya usukani. Alikuwa anangoja mlango wa nyuma ufunguliwe. Ulifunguliwa. Alisikia viatu vyake vikizunguka gari, akajua anakwenda langoni, na akajikaza.

Mlango wa mbele ukafunguka. Mwandishi akaingia, akakaa kando yake, akauweka mkoba miguuni.

"Haya," alisema. "Anza na sehemu ya kwanza, *Nyumba Namba Tisa*. Nini hakikukupendeza? Usinionee haya."

Fundi alikohoa kidogo, akasema kwamba, kwa kusema kweli, ile harusi ilichelewa mno kutajwa. Mwandishi akasema haikuchelewa. Fundi akasema ilichelewa, hata mzee alilalamika. Mwandishi akamwuliza mzee anajua nini kuhusu harusi, na huku anauliza mkono wake ulishafika kwenye zile mvi karibu na sikio, na haukuondoka hapo.